Siku Tano Kutoka Eldoret: Kupanga Safari ya Begi Moja Kisiwani Wasini

Mkazi wa Eldoret mwenye siku tano tu aende kisiwa kipi?

Swali hili hujibiwa na barabara kabla ya kujibiwa na mfuko. Eldoret hadi Nairobi ni kilomita 310 hivi, na Nairobi hadi Mombasa ni karibu 480. Lamu, ambako Mji Mkongwe ulitangazwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2001, iko zaidi ya kilomita 300 nyingine kaskazini, na msafiri wa basi huteremkia Mokowe kisha akavuka kwa mashua. Siku mbili za kwenda na mbili za kurudi zikitolewa, inabaki siku moja. Lamu haistahili kuonjwa hivyo. Isubiri likizo ya wiki nzima au nauli ya ndege hadi uwanja wa Manda.

Kisiwa kinachofaa kwa muda mfupi ni Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya, kilomita 75 hivi kutoka Mombasa, mkabala na kijiji cha Shimoni. Hakina magari. Kina vijiji viwili vikuu, Wasini upande wa magharibi na Mkwiro upande wa mashariki, na njia ya miguu kati yao. Kwa mtu mwenye begi mgongoni, hapo pamejitosheleza.

Njia ikoje, na nauli je?

Yapo mabasi ya moja kwa moja ya usiku kutoka Eldoret hadi Mombasa. Njia isiyochosha sana ni kupanda gari la usiku hadi Nairobi, kisha treni ya asubuhi kutoka kituo cha Syokimau. Daraja la kawaida hadi Mombasa limekuwa shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na tiketi hulipiwa kwa simu. Ikatwe mapema, hasa Desemba na shule zinapofungwa, kwa sababu tiketi za daraja hilo ndizo huisha kwanza.

Treni huishia Miritini, nje ya mji. Kutoka hapo ni matatu hadi feri ya Likoni, ambayo haimtozi mtembea kwa miguu chochote, kisha matatu ya kuelekea Lungalunga. Abiria huteremka kwenye njia panda ya Shimoni, akamalizia kilomita kama 15 kwa bodaboda au matatu. Fedha taslimu zitolewe Ukunda, njiani, maana kisiwani hakuna benki ya kutegemea. Giza likikaribia, ni afadhali kulala Ukunda au Shimoni. Bei ya mashua hupatana vizuri zaidi asubuhi, wenyeji wanapovuka na abiria wanaweza kuchangiana.

Ni miezi ipi inayofaa?

Kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu na maji maangavu. Aprili na Mei ni masika. Kuanzia Juni hadi Septemba huvuma kusi, na bahari ya nje huchafuka kiasi cha kuwafanya manahodha kuahirisha safari za hifadhi ya bahari ya Kisite. Likizo ya Agosti basi si mbaya, ila ipangiwe matembezi ya nchi kavu zaidi kuliko bahari. Mwezi wa Ramadhani nao uangaliwe kwenye kalenda: Wasini ni kijiji cha Waislamu, na mchana wa mfungo mgeni asitarajie kupikiwa wala asile hadharani.

Kwa nini wenyeji huuliza kwanza habari za maji?

Kwa sababu bahari ndiyo inayopanga ratiba, na msafiri wa bara mara nyingi huligundua hilo akiwa amekwisha kufika. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikipita mita 3. Kati ya bamvua moja na nyingine ni maji mafu, yasiyosogea sana. Siku za bamvua, pwani ya Kenya hupwa kabisa kuanzia kama saa nne asubuhi na hujaa alasiri. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Hilo lina maana kubwa kwa mwenye asubuhi mbili tu. Katika Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, maji yakipwa fungu la mchanga huibuka katikati ya bahari, na matumbawe huwa karibu na macho ya anayeogelea kwa miwani. Pomboo huonekana mara nyingi njiani. Kijijini Wasini, kikundi cha akina mama kinaendesha njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya bustani ya matumbawe ya kale: majabali ya kijivu yaliyochongeka, mikoko katikati yake, na kaa wadogo wakikimbia topeni maji yakishapwa. Kiingilio cha njia hiyo kilipwe kwa moyo, kwani fedha zinabaki kijijini. Ada ya hifadhi hulipwa kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, na ni vyema kuilipa kabla mtandao haujasumbua.

Begi liwe na nini?

Jaketi moja, kwa ajili ya usiku wa kupita Timboroa, njiani kwenda Nairobi, panapozidi mita 2,700. Baada ya Nairobi halina kazi. Nguo mbili nyepesi, leso au kikoi cha kujifunika kijijini, viatu vya kuingia navyo majini (matumbawe hukata), tochi, na chupa ya maji ya kujaza upya. Chupa hiyo ni sharti hasa: tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja, zikiwamo chupa za maji, zimepigwa marufuku katika hifadhi za Kenya. Maji baridi ni adimu kisiwani, ambako kwa muda mrefu watu wametegemea mvua, kwa hiyo mgeni abebe yake ya kunywa na aoge kwa kiasi.

Na malaria?

Hapa ndipo msafiri wa Eldoret anapotofautiana na mwenyeji wa pwani. Mji huo uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Baridi yake hupunguza mbu wa malaria, na aliyekulia huko hana kinga ambayo mwili wa mtu wa pwani umejijengea. Chandarua na mafuta ya kufukuza mbu havitoshi peke yake. Daktari aonwe kabla ya safari kuhusu dawa ya kujikinga: baadhi huanzwa siku moja au mbili kabla ya kuondoka, na doksisaiklini huendelea kumezwa wiki nne baada ya kurudi. Ugonjwa huchukua wiki moja au mbili kujitokeza, wakati mwingine zaidi, hivyo homa inaweza kumkuta mtu kazini Eldoret. Homa yoyote katika miezi inayofuata isidhaniwe kuwa mafua ya baridi. Mhudumu wa afya aelezwe kwamba mgonjwa alikuwa pwani, na damu ipimwe siku hiyohiyo.