Kikapu cha Shangazi: Kuifunza Dhana ya Joto kwa Kiswahili

Utangulizi

Likizo moja binamu yangu aliyekuwa Kidato cha Tatu aliniletea karatasi ya Fizikia iliyojaa wino mwekundu. Swali mojawapo lilimtaka aeleze kwa nini mguu mtupu huhisi sakafu ya saruji kuwa baridi kuliko mkeka, ilhali vyote viwili vimekesha katika chumba kimoja. Alikuwa amejibu, kwa Kiingereza kisicho na dosari, kwamba saruji ina baridi nyingi na kwamba baridi hiyo huingia mguuni. Hakupata hata alama moja.

Jambo lililonishughulisha ni kuwa lugha ya mtihani haikumwangusha. Alifikiri kwa Kiswahili, ambamo baridi huingia, hupenya, hata huuma, kisha akaitafsiri fikra hiyo kwa uaminifu mkubwa. (Waingereza nao husema hivyo hivyo majumbani mwao, hakuna lugha iliyozaliwa maabarani.) Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kuunda istilahi pekee hakutoshi iwapo tunataka Kiswahili kibebe sayansi. Yapo maneno ya kila siku yanayompotosha mwanafunzi, na yapo yanayomwongoza, na sisi wanafunzi wa lugha ndio tunaopaswa kuyatenga.

Joto na halijoto

Katika mazungumzo ya kawaida neno "joto" hubeba dhana mbili. Mwanafizikia huzitenganisha: joto ni nishati inayohama kutoka kitu kimoja hadi kingine, na halijoto ni kipimo cha jinsi kitu kilivyo moto au baridi. Cheche inayoruka kutoka jikoni ina halijoto ya mamia ya nyuzi, lakini ikikuangukia mkononi hukuchoma kidogo tu, kwa kuwa ni chembe ndogo mno. Ndoo ya maji vuguvugu haimtishi mtu, ilhali nishati iliyomo yaweza kuipita ile ya maelfu ya cheche.

Kanuni ya pili ni kwamba joto huhama lenyewe kutoka penye halijoto ya juu kwenda penye halijoto ya chini. Baridi haihami, kwa sababu baridi si kitu. Tukirudi kwenye swali la binamu yangu, saruji na mkeka vilikuwa na halijoto sawa, na mguu ulikuwa na halijoto ya juu kuliko vyote viwili. Saruji hupitisha joto upesi, hivyo huunyang'anya mguu. Mkeka una hewa nyingi katikati ya miwaa yake na hupitisha joto polepole. Mguu haupimi halijoto ya sakafu. Huhisi kasi ya kupoteza joto lake.

Kikapuni

Nilipomweleza hayo alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu asiyeelewa. Ndipo tulipokwenda kwa shangazi yetu, viungani mwa Nakuru, tukamkuta akipika githeri bila moto. Alikuwa amechemsha mahindi na maharagwe yaliyorowekwa usiku kucha, akaiepua sufuria, akaitumbukiza ndani ya kikapu kilichotandikwa nguo kuukuu na vipande vya sponji, akaweka mto juu yake na kwenda shambani.

"Kaka," binamu yangu aliniuliza, "hiki kikapu kinatoa wapi moto?"

Hakitoi popote, na hapo ndipo somo lilipoanzia.

Joto lina njia tatu za kuitoroka sufuria. Ya kwanza ni mpitisho, ambapo joto hupita ndani ya kitu bila kitu chenyewe kusafiri, kama linavyopanda kwenye mpini wa kijiko cha chuma kilichoachwa ndani ya uji. Nguo na sponji huizuia njia hii kwa sababu zimeshika hewa, na hewa iliyotulia hupitisha joto vibaya sana, takriban mara 3,000 chini ya chuma.

Njia ya pili ni myuko. Nakiri kwamba istilahi hii haimwambii mwanafunzi chochote asipofafanuliwa. Maana yake ni kwamba joto hubebwa na kiowevu au gesi inayosogea: hewa iliyopata moto huwa nyepesi, hupanda, na hewa baridi hushika nafasi yake. Pwani yetu huliona jambo hili kila siku. Mchana nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari, hewa ya bara hupanda, na upepo huvuma kutoka baharini. Usiku mambo hugeuka, na alfajiri wavuvi hupata upepo utokao bara. Kikapuni, hewa imefungiwa katika vishimo vidogo vya sponji, haina pa kuzungukia.

Ya tatu ni mnururisho, ambao hauhitaji kitu cha kupitia. Ndivyo joto la jua linavyotufikia, na ndivyo bati lililopigwa na jua linavyowachoma wanafunzi walioketi chini yake hata kama madirisha yako wazi. Baadhi ya watu hutandika karatasi ya alumini kikapuni ili uso wake unaong'aa ulirudishe joto hilo. Shangazi hana karatasi hiyo, na githeri huiva.

Hifadhi ya joto

Kuziba njia pekee hakutoshi. Lazima kuwe na joto la kutosha ndani. Maji ni ghala la ajabu. Kilo moja ya maji hutoa takriban jouli 4,200 kwa kila nyuzi moja inayopoa, ilhali kilo ya chuma hutoa takriban 460 tu. Tuseme sufuria ina kilo 4 za chakula, na tukihesabu kana kwamba yote ni maji. Nakuru iko juu, hivyo maji huchemka kwenye takriban nyuzi 94. Yakipoa hadi 64 kwa muda wa saa sita, yametoa 4 × 4,200 × 30, yaani jouli 504,000. Chuma cha uzito huohuo kingetoa takriban 55,000.

Saa sita ni sekunde 21,600, basi kikapu hiki cha mfano kinavuja takriban jouli 23 kwa sekunde. Mtu aliyeketi kitako hutoa takriban 100.

Binamu yangu aliifanya hesabu hiyo mwenyewe juu ya gazeti kuukuu. Kisha akaeleza, bila kuulizwa, kwa nini shangazi hukataa kupika sufuria nusu: chakula huwa kidogo, ghala huwa dogo, ilhali ukubwa wa kuta zinazovuja haupungui kwa kiasi hichohicho. Akafahamu pia kwa nini hugombeza anayefunua. Kila gramu ya maji inayotoroka kama mvuke huondoka na takriban jouli 2,260. (Msomaji atakayejaribu akumbuke kuyachemsha maharagwe kwa nguvu kwanza, kwa dakika zisizopungua 10, maharagwe mekundu yasiyochemshwa vyema yana sumu. Shangazi huchemsha nusu saa.)

Neno kihami

Kitu kinachozuia joto kupita huitwa kihami, kutokana na kitenzi "hami", yaani kulinda au kukinga. Kwa maoni yangu hii ni mojawapo ya istilahi zetu zilizofanikiwa zaidi. Tunaposema blanketi "linatia joto" tunampotosha mtoto, kwani blanketi halina joto la kumtia mtu. Neno kihami halitoi ahadi hiyo. Linasema tu kwamba kipo kitu kinacholindwa, na halisemi ni kitu gani.

Nililijaribu neno hilo jioni ile. Nilimuuliza binamu yangu kitakachotokea tukitia pande la barafu katika kikapu kilekile, na tukaacha pande jingine mezani. Shangazi alidakia kwamba barafu ya kikapuni itayeyuka kwanza, maana kikapu ni cha kuivishia. Binamu yangu alinyamaza kidogo.

"La, shangazi," akasema. "Ya mezani ndiyo itakayotangulia. Kikapu hakijui kilichomo ni githeri au barafu. Safari hii joto liko nje, linatafuta pa kuingilia."