Adapta haiongezi nguvu ya waya

Ndugu mfanyakazi, nawe mama mwenye nyumba,

Kule machimboni hakuna fundi wa umeme anayefunga pampu kubwa kwenye waya wa taa. Anajua kwamba waya mwembamba ukipitisha umeme mwingi hupata moto, ngozi yake ikayeyuka. Lakini kosa hilohilo linafanyika nyumbani, ndani ya kompyuta ya watoto.

Kadi ya grafiki ndiyo inayotengeneza picha za kompyuta. Kadi kubwa haitoshelezwi na wati 75 inazopata pale ilipochomekwa. Inataka waya wake kutoka kwenye alimantasio, yaani sanduku linalogawa umeme wa kompyuta. Plagi ya pini 6 imewekewa wati 75, ya pini 8 wati 150. Hapa Kisenge, mbali na maduka ya Kolwezi, alimantasio ya zamani ikikosa plagi hiyo, mtu hutafuta adapta.

Tufanye hesabu. Umeme huu ni wa volti 12. Gawa wati 75 kwa 12, utapata ampea 6 na robo. Plagi ya diski, iitwayo SATA, imetengenezwa kwa ampea 4 na nusu tu, yaani wati 54. Adapta ya kutoka SATA kwenda pini 6 itaingia vizuri na mashine itawaka, lakini plagi imebebeshwa mzigo kupita uwezo wake. Adapta imebadili umbo la plagi, basi.

Hata adapta nzuri huungua ikilegea. Mwaka 2022 baadhi ya adapta za kadi za RTX 4090 ziliyeyuka. Kampuni ya Nvidia ilieleza kwamba mara nyingi plagi haikusukumwa mpaka mwisho.

Kumbuka basi:

1. Soma wati zilizoandikwa kwenye alimantasio, uzilinganishe na mahitaji ya kadi.
2. Usiilishe kadi kwa plagi ya SATA. Adapta yenye vichwa viwili, chomeka vyote, kila kimoja kwenye waya wake.
3. Ng'oa plagi ya ukutani kabla ya kufungua kompyuta. Alimantasio yenyewe usiifungue: hubaki na umeme hata ikiisha kuzimwa.
4. Ukisikia harufu ya plastiki, kata umeme kwanza. Usimwage maji, tumia mchanga mkavu.

Alimantasio isipotosha, weka akiba ununue inayofaa. Afadhali kadi ingoje mwezi mzima kuliko watoto kuamshwa na moto usiku.