Mvinyo Mweupe Uliozeeka Kabla ya Wakati

*Bwana Mtaalamu, nahudumu katika mkahawa mjini Lyon. Tajiri wangu alifungua chupa ya Puligny-Montrachet ya mwaka 2010, tukaukuta mvinyo umegeuka kahawia, unanuka tufaha lililochujuka. Je, kosa ni la uhifadhi wetu? — M. S.*

Ndugu M. S., tashwishi yako yafahamika, kwani mvinyo mweupe wa Burgundy, utokanao na zabibu za Chardonnay, aghalabu hutarajiwa kustahimili miaka kumi au zaidi. Illa tangu mavuno ya katikati ya miaka ya 1990 zimedhihiri chupa nyingi zilizozeeka mapema, kwa hewa kupenya kizibo na kwa uchache wa salfa iukingayo mvinyo. Ukamuaji wa zabibu na ukorogaji wa mashapo nao hutuhumiwa. Na maadamu vizibo vya gome la mwaloni havilingani, chupa mbili za sanduku moja zaweza kukhitilafiana kabisa. Basi usiilaumu ghala yako kwa chupa moja.

Domaine Leflaive, wazalishaji mashuhuri wa kijiji cha Puligny-Montrachet, walianza na mavuno ya 2014 kutumia vizibo vya Diam, vilivyoundwa kwa chembe za gome lililosafishwa, ili kuikinga mvinyo yao na hitilafu hiyo.

Zilazeni chupa gizani, penye nyuzi 12 hivi. Fungueni moja mapema, na rangi ikiwa imekoza, zilizosalia zinyweni bila kukawia. Mvinyo huo hauna sumu, ladha tu ndiyo iliyopotea; na kama ulinunuliwa karibuni, mrudieni muuzaji na chupa pamoja na risiti kabla hamjaagiza nyingine.