TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Akikosea kijana wetu



Steubenville ni mji mdogo wa Ohio, Marekani, wenye watu kama 18,000. Timu ya shule yao, Big Red, ndiyo fahari ya mji. Uwanja wake unaingiza watu kama 10,000, yaani zaidi ya nusu ya mji!

Agosti 2012, wachezaji wawili wa timu hiyo walimbaka binti wa miaka 16 aliyekuwa amelewa, hajitambui. Wenzao waliona. Badala ya kuzuia, wapo waliopiga picha, wakarushiana kwenye simu na kucheka.

Mji ukagawanyika. Wengine wakaandamana kudai haki. Wengine wakamlaumu binti: alifuata nini kule, anataka kuiharibu timu. Machi 2013 mahakama ya watoto iliwatia hatiani vijana wale. Hata baada ya hukumu, wasichana wawili walikamatwa kwa kumtishia binti yule mtandaoni.

Sasa jamani, tusiseme "hao ni Wamarekani". Mtaani kwetu, akituhumiwa mfungaji wetu wa magoli, au mtoto wa mzee wa msikiti, tunasemaje? "Tuyamalize nyumbani." "Msimharibie kijana maisha." Na binti je, yeye hana maisha?

Mwanamke wa Bani Makhzum, ukoo mkubwa wa Kikuraishi, aliiba. Jamaa zake wakamtuma Usama bin Zaid, kipenzi cha Mtume ﷺ, akamwombee asiadhibiwe. Mtume ﷺ alikasirika. Akawaeleza watu kuwa waliotangulia waliangamia kwa kumwachia mkubwa na kumwadhibu mnyonge, na kwamba hata angekuwa Fatima, binti yake mwenyewe, hukumu ingepita.

Wengi tunaishia hapo. Lakini Bi Aisha (r.a.) ameeleza yaliyofuata: mwanamke yule alitubu vizuri, akaolewa, na alikuwa akija kwake na shida zake, naye akizifikisha kwa Mtume ﷺ. Kumbe haki haikumfungia mlango wa rehema. Alipitia kwenye haki, kisha jamii ikampokea.

Kwa hiyo kumficha kijana siyo kumpenda. Mtume ﷺ ametufundisha kwamba ndugu yetu akidhulumu, msaada wetu kwake ni kumzuia. Na Suratun-Nisaa aya ya 135 inatuamrisha kusimamia haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa.

*Ya kufanya:*
✅ Aliyedhulumiwa apelekwe hospitali mapema, kabla hajaoga, na polisi wapewe taarifa.
✅ Picha ya fedheha ikikufikia, usiirushe kwa mtu yeyote. Mpe taarifa mzazi au polisi.
✅ Ongea na mwanao wa kiume leo, kabla ya tarawehe.

*Swali la leo:* Angekuwa binti yako, ungekubali yaishie nyumbani?

Yaa Allah, tujaalie tuwe wasimamizi wa haki, uwaponye waliodhulumiwa, na uwaongoze vijana wetu. Aamiin.