Marinda ya Suruali: Kipimo, Mshono na Hesabu ya Chama

Makatibu wengi wa vyama vya mafundi cherehani huandika katika kadi ya kazi maneno mawili tu: "suruali, marinda". Kwa hesabu ya chama maneno hayo hayatoshi. Rinda ni kitambaa, ni muda wa fundi, na likikosewa ni suruali inayorudishwa.

Tuchukue mteja mwenye kiuno cha sentimita 80. Robo yake ni 20, na kipande cha mbele kisicho na marinda hukatwa 20 pamoja na akiba ya mshono. Akitaka marinda mawili kila upande, la kwanza likila sentimita 4 na la pili 2.5, kipande hicho hukatwa 26.5 pamoja na akiba ileile. Cha nyuma hakiongezwi.

Rinda la kwanza ndilo lidaio uangalifu. Mkunjo wake sharti uangukie juu ya mstari wa pasi, nao mstari ufuate nyuzi za mtande toka kiunoni hadi kwenye pindo. Ukipinda, mguu wa suruali utajizungusha hata ukipigwa pasi kila asubuhi. La pili hukaa katikati ya la kwanza na mfuko wa ubavuni. Piga chaki pande zote mbili za kila rinda, kunja, piga bandi, kisha pima kiuno kwa futi kabla ya kushona mkanda. Wapo mafundi waiachao bandi kwa kujivunia macho yao. Nusu sentimita ikizidi katika kila rinda, kwa marinda manne kiuno hupungua sentimita 2, na mkanda haulingani nacho tena.

Mikunjo kuelekea zipu au kuelekea mifukoni, yote ni sawa; kisichofaa ni suruali za zabuni moja kutofautiana. Kadi itaje idadi, kina na uelekeo.

Mwaka 1942, wakati wa vita, Marekani ilipiga marufuku marinda katika suruali za sufu ili kuokoa kitambaa. Nasi kabla ya kutaja bei tutandike violezo vya saizi kubwa kuliko zote juu ya kitambaa chenye upana utakaonunuliwa. Vipande visipokaa sambamba urefu huongezeka, na sentimita 10 kwa suruali 100 ni mita 10. Mkataba ukitiwa saini bila mita hizo, zitakatwa katika ujira wa wanachama. Kwa kaptura za wanafunzi, rinda moja kila upande latosha.