Jinsi ya Kuchagua Chombo cha Kuvumbua Makosa ya Programu

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu zetu mliokwisha kutuaga na kwenda makazini, wengi wenu hutumia programu za kompyuta katika benki, hospitali na vyama vya ushirika, na baadhi yenu huziandika. Leo nataka kueleza jinsi ya kuchagua chombo kinachotujulisha programu inapokosea au inapokwenda polepole. Somo hili nililipata kwa aibu, kwa hiyo nitaanza na aibu yenyewe.

Mwaka jana chama chetu cha kompyuta kiliandika programu ya kuwawezesha wazazi kusoma ripoti za muhula kwa simu. Mzazi huandika jina la mwanawe na namba yake, kisha ripoti hufunguka. Tulijisifu sana. Kila tulipotazama seva tuliikuta inafanya kazi, tukasema, “Programu ni nzima.” Baada ya wiki mbili baba mmoja alikuja shuleni kwa basi pamoja na mwanawe. Alikuwa amemchapa kijana huyo, kwa kuwa kila alipotafuta ripoti aliona ukurasa mtupu, akadhani kijana ameiondoa kwa hila. Kumbe kijana hakuwa na kosa lo lote. Kosa lilikuwa langu.

Jina la ukoo wao lina ng’, ile yenye ritifaa. Katika mstari niliouandika mimi, jina liliwekwa ndani ya amri ya hifadhidata, kati ya ritifaa mbili. Jina lenye ritifaa lilipofika, hifadhidata ilidhani jina limekwisha njiani, ikaikataa amri yote. Tena nilikuwa nimeiagiza programu inyamaze ikipata kosa. Wanafunzi 9 kati ya 412 walikuwa na majina ya namna hiyo, na katika wazazi wao ni mmoja tu aliyetuambia. Dawa ya kosa hili ni kuipelekea hifadhidata jina peke yake na amri peke yake, wala si kuvibandika pamoja. Maana mtu mwovu naye aweza kuandika amri yake mahali pa jina.

Bruda anayesimamia chama chetu hakunikemea. Aliniuliza neno moja tu: “Siku kosa jingine litakapotokea, nani atajua?” Swali hilo ndilo la kwanza katika kuchagua chombo.

Yafaa kujua kwamba vyombo hivi ni vya namna mbili. Namna ya kwanza hufuatilia makosa. Programu ikianguka, chombo huandika kosa lilitokea katika mstari gani, saa ngapi, na hatua zilizolitangulia. Makosa yaliyo sawa hukusanywa pamoja, ili kosa moja lililotokea mara elfu lisionekane kama makosa elfu. Sentry ni chombo cha namna hii. Kilianza mwaka 2008, kazi ya David Cramer, kwa ajili ya programu zilizojengwa kwa Django. Namna ya pili hupima mwendo: maombi mangapi yameingia, kila moja limechukua muda gani, kumbukumbu ya seva imejaa kiasi gani. Prometheus, iliyoanzishwa mwaka 2012 katika kampuni ya SoundCloud, ni ya namna hii. Itakuambia kwamba makosa yameongezeka, lakini haitakusimulia kosa la mzazi fulani lilivyotokea. Kampuni kama New Relic na Datadog huuza vyote viwili pamoja.

Katika kupima mwendo, jihadharini na wastani. Tuseme maombi 100 yameingia. Maombi 95 yamejibiwa kwa sekunde 0.2 kila moja, na 5 yamengoja sekunde 12 kila moja. Jumla ni sekunde 79, na wastani ni sekunde 0.79. Mkuu akiona wastani huo atafurahi, na huku watu watano wamekwisha kukata tamaa na kuzima simu. Kwa hiyo chagueni chombo kinachoonyesha pia muda wa wale waliongoja kuliko wote. Nasi wastani wetu ungalikuwa mzuri, maana wazazi wa wanafunzi 403 walisoma ripoti bila taabu.

Jambo la pili ni maonyo. Wengine hudhani chombo bora ni kile chenye maonyo mengi. Sivyo. Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilitia programu mpya katika seva 7, ikaisahau seva ya 8. Kabla ya soko kufunguliwa, mtambo wao wenyewe ulituma barua pepe 97 kwa wafanyakazi, zikitaja kosa. Lakini barua hizo hazikuwa zimewekwa kuwa maonyo, wala hakuna aliyezishughulikia. Soko lilipofunguliwa, kwa muda wa dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Chombo kilisema, bali hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kusikiliza. Basi kila onyo liwe na mtu wake na jambo la kutenda. Onyo lisilo na mtu liondoeni, kwani huwazoesha watu kupuuza yale mengine.

Jambo la tatu ni gharama. Kampuni nyingi hutoza kwa kadiri ya habari unazozipelekea. Programu ikiharibika sana, habari huongezeka, na deni nalo huongezeka. Ulizeni mapema kama chombo chaweza kuwekewa kikomo. Programu huria huweza kuwekwa katika seva yenu wenyewe bila ada, lakini seva yahitaji umeme, nafasi na mtu wa kuitunza. Tena msijifunge kwa muuzaji mmoja. Tangu mwaka 2019 pana OpenTelemetry, kanuni ya pamoja ya kutoa vipimo kutoka katika programu. Programu ikiifuata, mwaweza kubadili chombo bila kuandika programu upya.

Jambo la nne ni siri za watu. Taarifa ya kosa huweza kubeba jina, namba ya simu, hata neno la siri la mtu aliyekuwa akitumia programu saa ile. Hapa Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019. Kenya ilipata ya kwake mwaka huo huo, na Tanzania mwaka 2022. Chagueni chombo kinachoweza kufuta habari hizo kabla hazijatoka katika kompyuta yenu.

Mwisho, msiamini matangazo. Kijaribuni chombo kwa kosa. Sisi tulirudisha ule mstari wangu mbaya katika nakala ya programu, tukaondoa na ile amri ya kunyamaza, kisha tukaandika jina lenye ng’. Tuliweka saa mezani, tukangoja kuona ni chombo gani kitatuambia, na kama mwanafunzi wa kidato cha pili ataelewa kilichosemwa. Sentry ilitufaa, lakini kuiweka wenyewe kwahitaji kompyuta yenye nguvu kupita yetu. Tukachukua GlitchTip, ambayo ni huria na nyepesi zaidi, na hupokea taarifa zilizotengenezwa kwa njia ya Sentry. Onyo tuliloweka ni moja tu: kosa jipya likitokea, ujumbe humfikia mwanachama wa zamu, naye jina lake limeandikwa ukutani kila Jumatatu.

Zamu ya kwanza ilikuwa yangu. Siku ya tatu ujumbe ulikuja saa mbili usiku: ripoti ya mwanafunzi aliyehamia katikati ya muhula haikufunguka, kwa kuwa hakuwa na alama za mtihani wa kwanza. Niliomba ruhusa kwa Bruda, nikaitengeneza kabla ya saa ya kulala. Asubuhi nilimpigia simu mama yake kumweleza. Alisema hata yeye alikuwa hajaijaribu tena.

Yule kijana aliyechapwa nilimwomba radhi, na Bruda alimwandikia baba yake barua. Sasa yumo katika chama chetu, na wiki hii jina lililo ukutani ni lake, pamoja na ritifaa yake.