Mitaa ya Eastlands, Nairobi: Mwongozo wa Wasafiri

Eastlands ni jina la jumla la mitaa iliyo mashariki ya katikati ya Nairobi, kuanzia Pumwani na Shauri Moyo hadi Kayole na Dandora. Serikali ya kikoloni ililitenga eneo hili kwa makazi ya Waafrika, na kwa kawaida kadiri mtu anavyosonga mashariki ndivyo nyumba zinavyokuwa za karibuni zaidi. Njia nzuri ya kulizuru ni kufuata umri huo, kwa miguu pale mitaa inapokaribiana na kwa matatu inapoachana.

Pumwani, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ni mkongwe kuliko mingine. Upande wake wa Majengo una Msikiti wa Riyadha na vichochoro vyenye Uislamu na Uswahili ambao wageni wengi hawautarajii Nairobi.

Hatua chache kutoka hapo ni Gikomba, soko kubwa la mitumba nchini. Marobota hufunguliwa alfajiri, na nguo bora, zile ziitwazo kamera, huondoka mapema. Anayefika saa sita mchana hukuta mabaki na msongamano. Bei ya kwanza haikubaliwi kamwe. Mvua ikinyesha njia hugeuka matope, kwa hiyo viatu vya kufunika vinafaa zaidi kuliko ndala. Jirani yake ni mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wanaofua bati na vyuma kuwa majiko, masufuria na masanduku ya wanafunzi wa bweni. Jiko dogo ni kumbukumbu yenye manufaa kuliko vinyago vya maduka ya watalii. Uwanja wa Kamukunji ndio ulioitiwa mkutano wa Saba Saba, tarehe 7 Julai 1990, wa kudai mfumo wa vyama vingi.

Mwenye nusu siku tu aipe Kaloleni. Mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940, kwa sehemu na mateka wa vita wa Kiitaliano, kwa kufuata wazo la mji wa bustani lililotekelezwa kwanza Letchworth, Hertfordshire, Uingereza. Nyumba zake za mawe, fupi na zenye vigae, zimezunguka viwanja vya nyasi, na bado miti ni mingi. Katika ukumbi wake wa kijamii, tarehe 23 Aprili 1950, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh alidai hadharani uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Wiki chache baadaye alikamatwa. Maktaba ya mtaa imekarabatiwa na shirika la Book Bunk. Kwa kuwa mitaa ya zamani ya Eastlands imo katika mipango ya kupisha magorofa, ziara hii haifai kuahirishwa.

Chakula cha mchana kipo Burma, soko la nyama kando ya Jogoo Road. Mteja huchagua nyama, hupimiwa kwa kilo, kisha husubiri ichomwe na kuletwa na ugali na kachumbari. Uwanja wa mpira ulio karibu, City Stadium, sasa una jina la Joe Kadenge, nyota wa soka aliyefariki mwaka 2019.

Soka ya mitaani ndiyo burudani kuu ya nje. Camp Toyoyo, Jericho, una nyasi bandia na mechi nyingi za wikendi. Mwisho wa mwaka, mashindano ya Koth Biro hujaza uwanja wa Umeme, Ziwani, kwa vumbi na kelele.

Buruburu, uliojengwa kwa awamu tangu miaka ya 1970, hauna mengi ya kutazama ila matatu zake za namba 58, zenye michoro na muziki wa kutetemesha vioo. Dandora ni maarufu kwa jaa la taka na kwa hip hop ya kundi la Kalamashaka. Huko ni vyema kwenda na mwenyeji.

Pesa ndogondogo na M-Pesa zinatosha kwa manunuzi yote. Simu isishikwe karibu na dirisha la matatu lililo wazi. Watu hawapigwi picha bila ruhusa, hasa Gikomba na Majengo. Kurudi mjini kabla ya giza kunapendekezwa, na nauli hupanda jioni na wakati wa mvua.